Nani aliizima Wikipedia 2012
Sio Wikimedia Foundation, taasisi inayoiendesha Wikipedia, walioamua kuizima 2012, ni wahariri wenyewe wa kujitolea, zaidi ya 1,800 walijadili kwanza kwenye ukurasa wa wazi ndo taasisi ikawaunga mkono. Mjadala wote bado upo, mtu yeyote anaweza kuusoma hoja kwa hoja. Ila ilizimwa ya Kiingereza, sio lugha zote, saa 24 tarehe 18 Januari, kupinga SOPA na PIPA, miswada ya kupambana na uharamia wa mtandaoni huko Marekani, ukifungua unakuta ukurasa mweusi na Mmarekani anawekewa kisanduku aandike posikodi yake apate mawasiliano ya wabunge wake. Halafu Waitaliano walishatangulia kuizima Wikipedia ya Kiitaliano Oktoba 2011 kupinga mswada wa kwao, watu wanawasahau sana na kwa kweli wanastahili kutajwa.