Ukitaka mzee akusimulie vita, mpe spana

Kama kwenu yupo mzee aliyekwenda Vita vya Kagera, vile vya 1978-79 dhidi ya Idi Amin wa Uganda, huenda unajua mambo mawili tu: kwamba alikwenda na kwamba alirudi. Baba yangu ni mkulima wa mahindi huku Ismani, Iringa, na vitani alikuwa fundi wa magari. Kwa miaka mingi kila tulipomuuliza jibu lilikuwa lile lile: "Tulikwenda, tukampiga, tukarudi kulima." Kisha anaendelea kula ugali wake.

Leo nina daftari lililojaa habari zake, na ndugu wananiuliza nilimpatia wapi. Niliacha kumuuliza habari za vita, nikamuuliza habari za magari.

Trekta letu ni Massey Ferguson la zamani. Lilizima katikati ya shamba, dizeli imekauka kwenye tangi na upepo umeingia kwenye njia ya mafuta. Tulipoongeza dizeli, Mzee akanipa spana nilegeze skrubu ya juu ya filta, nisiing'oe yote, naye akawa anasukuma kikono cha pampu kwa dole gumba. Likatoka povu tupu, ikafuata dizeli yenye mapovu, halafu dizeli safi isiyokatika. "Kaza." Nikamuuliza, huku nikikaza, kule usiku walikuwa wanafanyaje kazi hiyo. Akasema, "Kwa kupapasa, mwanangu. Taa hairuhusiwi. Unasikiliza, povu lina mlio wake." Tukakaa pale hadi jua linazama, yeye anaongea, mimi nafuta filta ambayo ilishakuwa safi zamani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kumkuta mzee kwenye kazi. Ukimweka kwenye kiti ukamkazia macho, anajiona yuko mbele ya baraza. Mkiwa wote mmeinamia injini, hakuna anayemwangalia mwenzake usoni, na maneno yanapita kirahisi.

Maswali nayo yachaguliwe. Usimuulize mtu aliua wangapi, hilo ni swali la kijiweni. Muulize spea walipata wapi. Muulize lori likifa njiani walilifanya nini. Hapo Baba huchangamka, kwa sababu serikali ilichukua pia magari ya raia na ya mashirika kubeba askari na mizigo, na fundi alijikuta na malori ya kila aina ambayo spea zake haziingiliani. Anasema gari lililokufa kabisa walilivua kama kuku: betri, nozo, rejeta, tairi, hadi boliti, vyote vikaenda kufufua mengine. Pipa la dizeli waliliinamisha kidogo na kuliacha litulie, maji na uchafu vishuke upande wa chini, ndipo wanyonye kwa mpira kutoka juu, na yale ya mwisho hawayagusi. Hadi leo pipa letu la shambani limeinama hivyo hivyo, na mimi nilikua nikidhani ni uvivu wa kusawazisha ardhi.

Tarehe usimdai. Mzee hakumbuki kwa kalenda, anakumbuka kwa mito na miji. Wewe ndiye uwe na mpangilio kichwani, umshikize hapo: hotuba ya Mwalimu Nyerere ya 2 Novemba 1978, ile ya uwezo, sababu na nia, daraja la Kyaka lililobomolewa na majeshi ya Amin mwezi huo huo, Mtukula mpakani, kisha ndani ya Uganda: Masaka mwezi Februari 1979, mapigano ya Lukaya mwezi Machi, na Kampala kuanguka 11 Aprili. Basi unauliza, "Mlipokuta daraja la Kyaka halipo, magari mlivushaje?" Swali la namna hiyo linajibika. Akichanganya Masaka na Lukaya, mwache amalize, utapanga mwenyewe usiku. Nimeona kijana mmoja akimsahihisha babu yake kwa simu mkononi, na babu akanyamaza moja kwa moja.

Kuna nusu nyingine ya habari ambayo wengi wetu tunaisahau. Vita vilianza mvua zikikaribia, na huku kwetu mvua ni za msimu mmoja. Mwanamume akiondoka Novemba, msimu wote umempita. Nani alilima? Nilipomuuliza Mama aliniangalia kwa muda, akasema hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Alilima kwa jembe la mkono, mtoto mgongoni, na aliyemsaidia kupalilia ni mama mkwe ambaye hawakuwa wanasalimiana vizuri. Daftari langu lina kurasa nyingi za Mama sasa, na nyingine ni nzuri kuliko za Baba. Maisha ya mkulima aliyekwenda vitani yana watu wawili ndani yake, usiandike ya mmoja.

Endelea pia hadi baada ya kurudi. Miaka ya mwanzo ya 80 spea ziliadimika nchi nzima, na ule ufundi wa kuvua gari moja kuponya jingine ndio uliotulisha. Watu walileta pampu na mashine za kusaga kutoka vijiji vya mbali, wakalipa kwa debe la mahindi. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo habari kubwa kuliko ya risasi.

Mambo madogo: rekodi sauti kwa simu, lakini omba ruhusa na zima injini kwanza. Piga picha vyeti na picha za zamani mbele na nyuma, maana majina mara nyingi yameandikwa nyuma. Kama alipoteza wenzake, muulize kama angependa kufika Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Akikataa, usirudie.

Asiyeweza tena kushika spana mpelekee kifaa kilichoharibika, nozo au pampu, umuulize kimekufa kwa nini. Jirani yetu mmoja alifanya hivyo kwa baba yake na akapata mengi. Mwingine alijaribu akaambiwa apeleke kwa fundi, na habari ikaishia hapo. Mzee naye ana haki ya kukaa nayo.