Leseni ya glaida pekee haikuingizi mawinguni

Kaka, umeuliza kama leseni ya glaida (ndege isiyo na injini) ya Umoja wa Ulaya inatosha kuingia wingu ukitumia vipima vya ndege peke yake, bila kuona nje. Haitoshi, unahitaji kibali cha ziada. Kwanza uwe na saa 30 kama rubani mkuu baada ya kupata leseni. Kisha usome nadharia, uruke na mwalimu angalau saa 2 ukitegemea vipima tu, halafu ufanye mtihani wa vitendo.

Usizidharau hizo saa 2, tafadhali. Ndani ya wingu sikio, ambalo ndilo linalokupa hisia ya mizani, linakudanganya: mwili unakuambia umenyooka, kumbe bawa limeshalala, kasi inapanda na kelele ya upepo inaongezeka. Wengi hapo huvuta usukani, na ndege inazidi kujizungusha kuelekea chini. Jizoeze kusawazisha mabawa kwanza kwa kuangalia upeo bandia (kipima kinachoonyesha ndege imelala kiasi gani) na sindano ya mgeuko (inayoonyesha ndege inageukia wapi), ndipo uinue pua taratibu.

Parachuti vaa. Na kibali ukishakipata kitunze: ndani ya miezi 24 uwe umeruka mawinguni saa 1 au safari 5, la sivyo unarudi kwa mwalimu au mtahini.