Wasomaji wanauliza: Nani ashike nini katika uongozi wa shule ya msingi?

Maswali ya toleo hili yametoka kwa walimu na wazazi wa shule za msingi za serikali, Tanzania Bara. Mengine yalifanana, tukayaunganisha.

Nimeteuliwa kuwa mwalimu mkuu wa shule yenye wanafunzi 612 na walimu tisa, nami nikiwemo. Kila darasa lina mkondo mmoja, awali hadi la saba. Aliyenitangulia alishika kila kitu mwenyewe. Nianze wapi kugawa madaraka?
*Mwalimu mkuu, Kasulu*

Hongera, Mwalimu. Anza na ratiba, vyeo vifuate. Cheo kisichotengewa muda hubaki jina kwenye ubao wa ofisi.

Fanya hesabu hii. Walimu watatu wako awali, darasa la kwanza na la pili. Mnabaki sita kwa darasa la tatu hadi la saba. Ratiba ikiwa na vipindi 8 kwa siku, madarasa hayo matano yana vipindi 200 kwa wiki. Wewe ukichukua 12 na mwalimu wa taaluma 28, vinabaki 160 kwa walimu wanne, yaani 40 kila mmoja. Hapo hakuna hata kipindi kimoja cha kusahihisha madaftari, na mwalimu wa namna hiyo hawezi kuongezewa jukumu lolote. Walimu wa madarasa ya chini humaliza mapema. Kila mmoja akichukua vipindi 8 vya madarasa ya juu, wale wanne wanashuka hadi 34. Bado ni mzigo, lakini unabebeka. Vipindi vyako 12 usivikwepe. Walimu humsikiliza zaidi kiongozi anayeshika chaki.

Sasa majukumu. Kwa walimu tisa, wengi watashika mawili. Michezo na elimu ya kujitegemea vinakaa pamoja bila shida, vivyo hivyo afya na mazingira. Ila kuna jozi tatu za kuepuka.

Ya kwanza ni msaidizi wako kuwa pia mwalimu wa taaluma. Shule nyingi ndogo hufanya hivyo kwa kuwa huyo ndiye mchapakazi. Siku unapoitwa halmashauri, yeye anakaimu ofisi yako na taaluma inasimama. Ukiitwa mara nyingi, taaluma inasimama mara nyingi.

Ya pili ni anayenunua vifaa kuwa ndiye mtunza stoo. Mnunuzi akijipokelea mwenyewe, hakuna wa kuthibitisha kwamba katoni tano za karatasi zilizolipiwa ndizo tano zilizofika.

Ya tatu ni mwalimu wa nidhamu kuwa ndiye mwalimu wa malezi na unasihi. Mtoto hatamfungulia moyo mtu aliyemwadhibu jana. Kama unao walimu wa kike na wa kiume, teua mmoja wa kila jinsia kwa malezi, maana kuna mambo binti wa darasa la sita hamwambii mwalimu wa kiume.

Kila anayeteuliwa apewe barua yenye tarehe, inayotaja kazi zake, anayewajibika kwake, na kumbukumbu anazotunza. Nakala iingie kwenye jalada lake. Uteuzi wa mdomo mbele ya kikao cha walimu husahaulika muhula ukiisha, na lawama zikija kila mtu husema hakuambiwa.

Kisha kaeni watu watano kila Ijumaa baada ya vipindi, dakika 30 tu: wewe, msaidizi, taaluma, nidhamu na mmoja wa malezi. Ajenda hazibadiliki: mahudhurio ya walimu na wanafunzi, vipindi ambavyo havikufundishwa na sababu zake, fedha na vifaa, na nani yuko zamu wiki ijayo. Muhtasari wa ukurasa mmoja unatosha. Ajenda ya vipindi visivyofundishwa ndiyo inayovuja kuliko zote. Kila darasa liwe na daftari la vipindi, mwalimu asaini anapoingia, na msaidizi alipitie kila jioni. Akilisubiri hadi mwisho wa mwezi, atakuta sahihi zilizojazwa kwa mkupuo.

Mimi ni mwalimu wa taaluma, lakini kazi yangu imekuwa kuchapa mitihani na kujumlisha alama. Kazi yangu halisi ni ipi?
*Mwalimu, Mbinga*

Kuchapa mitihani kunaweza kufanywa na yeyote aliyepangwa. Yako ni kujua nini kinafundishwa, kinafundishwaje, na watoto wamekielewa kiasi gani.

Jumatatu asubuhi pitia maandalio ya masomo na uyalinganishe na azimio la kazi, yaani mpango wa mada na wiki za kuzifundisha. Andalio zuri lililo wiki tatu nyuma ya azimio ni taarifa unayoihitaji mapema. Kila wiki ingia madarasa mawili, ukae nyuma kipindi kizima, kisha uzungumze na mwalimu faraghani siku hiyohiyo. Usiseme naye mbele ya wanafunzi wala kwenye kikao.

Wastani wa darasa hauonyeshi pa kushika. Ukiambiwa Hisabati darasa la sita wamepata wastani wa asilimia 38, utamshauri nini mwalimu? Chambua swali kwa swali. Chora jedwali, maswali juu, majina pembeni, weka alama ya kosa. Swali lililokosewa na zaidi ya nusu ya darasa lifundishwe upya, na kabla ya hapo fungua karatasi uone jibu walilolitoa. Wengi wakijibu 3/4 + 1/2 = 4/6, tatizo haliko kwenye uzembe. Wanajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, hawajaelewa asili ya sehemu. Mada hiyo ipelekeni kwenye jumuiya ya ujifunzaji ya shule, ile ya mafunzo endelevu ya walimu kazini, mwalimu mmoja aonyeshe anavyoifundisha kwa kukunja karatasi, wengine waulize.

Usingoje Upimaji wa Darasa la Nne ndipo ugundue wasiojua kusoma. Kila muhula msikilize mtoto mmoja mmoja wa darasa la pili akisoma kifungu kifupi asichokizoea, maana vifungu vya kitabuni wengine wamekwisha kuvikariri. Walioshindwa wapangiwe muda wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kila siku na wapimwe tena baada ya wiki sita. Hapa hatuoni nafasi ya kusitasita. Mtoto asiyesoma anapovuka darasa la pili, masomo yote yanayofuata humpita kando.

Nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Mwalimu mkuu huniletea karatasi nisaini, basi. Nina haki ya kuuliza nini kuhusu fedha?
*Mwenyekiti wa kamati, Muheza*

Ndugu mwenyekiti, una haki na wajibu. Mwalimu mkuu ni katibu wa kamati yako, kwa hiyo karatasi inafuata uamuzi wa kikao.

Jua kwanza kiasi. Ruzuku ya uendeshaji imewekwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo Sh 4,000 ni za vitabu na hazipiti shuleni, Sh 6,000 ndizo zinazotumwa. Shule ya wanafunzi 480 itarajie Sh 2,880,000 kwa mwaka, sawa na Sh 240,000 kwa mwezi. Idadi ya wanafunzi ikikosewa kwenye mfumo wa takwimu, fedha nazo zinakosewa, basi ombeni kuiona idadi iliyowasilishwa.

Kabla ya kusaini ombeni vitu vitatu: muhtasari wa kikao kilichoidhinisha matumizi, kifungu chake kwenye Mpango wa Jumla wa Maendeleo ya Shule, na hati ya malipo. Kimoja kikikosekana, ngoja. Baada ya kununua, ombeni risiti pamoja na ukurasa wa leja ya stoo ulioandikwa na mpokeaji. Usisaini kamwe hati isiyojazwa, hata ukiambiwa benki inafungwa. Mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo ambapo mzazi anafika, siyo ndani ya ofisi.

Mchango wa chakula mliokubaliana kwenye mkutano wa wazazi usimamiwe na kamati. Walimu wasiguse fedha hizo, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa.

Mwalimu wa nidhamu anaruhusiwa kuchapa?
*Mzazi, Singida*

Kanuni za adhabu ya viboko zilizorekebishwa mwaka 2002 zinampa mamlaka mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu cha adhabu. Mwanafunzi wa kike huadhibiwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Mwalimu anayetembea na fimbo akichapa kila anayechelewa amevunja kanuni. Kiranja hana ruhusa hiyo hata kidogo. Rai yetu ni kwamba shule inayotumia fimbo kila siku imeshindwa kumsikiliza mtoto. Anayechelewa kila Jumatatu huenda ndiye anayechota maji kwao.

Nikiwa na malalamiko nimfuate nani?
*Mama wa wanafunzi wawili, Ilemela*

Mama, anza na mwalimu wa darasa, kisha mwalimu wa taaluma au wa nidhamu kulingana na jambo, halafu mwalimu mkuu, kamati ya shule, na mwisho afisa elimu kata. Likihusu ukatili au udhalilishaji wa mtoto, usianze na ngazi hizo. Nenda polisi, dawati la jinsia na watoto, au piga simu ya msaada kwa watoto, namba 116.

Mwalimu mkuu wetu amehamishwa, nami msaidizi nimeachiwa funguo tu. Nidai nini?
*Mwalimu mkuu msaidizi, Nachingwea*

Dai hati ya makabidhiano, isainiwe nanyi wawili mbele ya afisa elimu kata au mjumbe wa kamati. Iorodheshe salio la benki siku hiyo, pamoja na taarifa ya benki yenyewe, madeni ya wazabuni, leja ya stoo baada ya kuhesabu vitu kimoja kimoja, idadi ya madawati, mazima na mabovu kwa safu tofauti, vitabu kwa somo na darasa, rejista ya uandikishaji, kitabu cha logi (kumbukumbu za matukio ya shule), kitabu cha adhabu, mihtasari ya vikao, hati za eneo la shule, mihuri, na majalada ya walimu. Upungufu wowote uandikwe humohumo kabla ya sahihi. Vilevile andika halmashauri watia saini wa benki wabadilishwe na nywila za mifumo zitolewe upya kwa jina lako. Usikubali kurithi nywila ya aliyeondoka, kwa kuwa kila kitakachoingizwa humo kitasomeka kwa jina lake.