Njia ya folda huulizwa, haikisiwi

Mdogo wangu unayeanza kazi za tovuti hapa Lubumbashi, huenda umejifunza kwenye mashine ya Windows. Seva nyingi za hosting, yaani mashine zinazohifadhi tovuti za watu, zinaendesha Linux, na huko njia ya folda inaandikwa kwa alama ya /, si \, tena Picha na picha ni folda mbili tofauti. Hayo utayazoea ndani ya wiki. Kinachowasumbua wageni kwa muda mrefu ni tabia ya kukisia.

Chukua cPanel, programu ya kuendeshea akaunti ya hosting. Kila akaunti ina folda yake ya nyumbani, tuseme /home/duka, na ndani yake mna public_html, ambayo ndiyo watu wanaiona mtandaoni. Mgeni akishajua hivyo anaandika /home/duka/public_html moja kwa moja ndani ya programu yake, basi. Itafanya kazi mpaka siku akaunti itakapohamishiwa seva ambako zinakaa /home2, au mteja atakapoongeza domeni ya pili yenye folda yake nje ya public_html. Na wateja huongeza domeni bila kukuambia. Kumbe API ya cPanel, yaani mlango ambao programu yako huulizia seva, inajua: ita DomainInfo::domains_data, nayo itakuletea documentroot (folda kuu ya tovuti) ya kila domeni, njia nzima tangu mwanzo. Tumia hiyo. Ukitaka kuona kilichomo ndani, ombi lako litakuwa hivi:

https://seva:2083/execute/Fileman/list_files?dir=public_html

Tokeni, yaani ufunguo wa siri wa API, usiiweke kwenye anwani. Inakwenda kwenye kichwa cha ombi, Authorization: cpanel duka:TOKENI. Na faili unamoihifadhi tokeni hiyo likae nje ya public_html, tafadhali. Kisha soma jibu lote. Ombi linaweza kurudi na 200 ya HTTP, yaani «sawa», ukafurahi, kumbe ndani ya JSON, maandishi ya jibu lenyewe, status ni 0 na sababu imeandikwa kwenye errors.

Sasa tuje kwenye majina, maana hapa kwetu ndipo penye kazi. Shule ya Katuba au ya Kenya, komini zetu za Lubumbashi, inakupa flashi yenye folda zilizopewa majina kwa Kifaransa, jinsi sekretari alivyopenda: «Bulletins 2ème période», «Photos & Vidéos», «Élèves». Ukiunganisha jina kama la pili kwenye anwani kwa mkono, alama ya & itahesabiwa kuwa mwanzo wa kigezo kingine. Seva itapokea dir=Photos na kuishia hapo, halafu utaambiwa folda haipo wakati unaiona kwa macho yako. Nafasi inatakiwa kuwa %20 au +, & iwe %26. Usizibadilishe wewe mwenyewe herufi kwa herufi. Kila lugha ya programu ina kazi ya kutengeneza vigezo vya anwani, na kwenye lugha ya PHP wanaiita http_build_query.

Herufi zenye alama juu zina mtego mbaya zaidi. Herufi é inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja, ambayo kwa UTF-8 (mfumo wa kuandika herufi kwa namba) ni baiti C3 A9, au kama e ya kawaida ikifuatwa na alama yake, 65 CC 81. Kwa jicho ni kitu kilekile. Linux inalinganisha baiti, kwa hiyo kwake hayo ni majina mawili, na faili zilizotoka kwenye Mac zinaweza kuja kwa umbo hilo la pili. Unaweza kupoteza mchana mzima ukitafuta kosa ambalo halionekani kwenye skrini. Ushauri wangu: kabla ya kupakia, badilisha majina yote yawe herufi ndogo zisizo na alama, na kistari mahali pa nafasi. eleves, bulletins-2. Sekretari atalalamika kidogo. Jina zuri la Kifaransa liandike kwenye ukurasa, ndiko wazazi wanakolisoma.

Jambo dogo la www: kwenye folda ya nyumbani, www si folda kamili, ni kiungo kinachoelekea public_html. Programu ya kunakili inayofuata viungo itanakili tovuti nzima mara mbili, na mega zako zitakwisha mara mbili.

Kuhamisha, kubadilisha jina na kufuta kunapitia API 2 ya zamani, kwenye Fileman::fileop. Hapo nenda polepole. Kama njia unaijenga kwa kuunganisha folda ya nyumbani na kigezo fulani, na kigezo kikawa tupu, unachobaki nacho ni folda ya nyumbani yenyewe, na amri ya kufuta haitakuuliza ulikuwa na maana gani. Hakikisha njia inaanza na documentroot uliyopewa na ina kitu cha ziada baada yake. Ikiwa na .. ndani, yaani nukta mbili za kurudi folda ya juu, ikatae kabisa. Na chagua op=trash badala ya unlink inayofuta moja kwa moja, kwani trash inapeleka faili kwenye folda ya .trash, na unaweza kuirudisha.

Umeme nao unakatika katikati ya kupakia, hilo sina haja ya kukueleza. Basi pakia faili kwa jina la muda, kwa mfano bei.json.mpya, linganisha ukubwa wake kwenye seva na ule wa mashine yako, ndipo ulipatie jina la kweli kwa op=rename. Umeme ukikatika kabla ya hapo, wageni wa tovuti bado wanaona bei za jana, si ukurasa uliovunjika.