Kicheko cha mtoto mwenye Angelman kisikudanganye

Hali ya Angelman, ambayo daktari Mwingereza Harry Angelman aliieleza mwaka 1965, hutokana na hitilafu inayohusu jeni ya UBE3A katika kromosomu ya 15 ambayo mtoto huirithi kwa mama. Inakadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 12,000 hadi 20,000. Wengi wao hawasemi au husema maneno machache mno, hutembea kwa kuyumba, hupata kifafa na hucheka sana. Kwa mzazi mwenzangu wa Dar es Salaam nina ushauri mmoja mkubwa: usipime utulivu wa mtoto kwa kicheko chake.

Mtoto mwenye hali hii huweza kucheka kwa karaha kama anavyocheka kwa raha. Ndani ya daladala iliyojaa, konda akigonga bodi na redio ikiunguruma, binti yangu hucheka hadi abiria wakamfurahia, ilhali mikono inapepea kwa kasi, mwili umekakamaa na kola ya gauni imo mdomoni. Hapo tunashuka kituo kinachofuata, nauli ikiwa imelipwa au la. Shangazi zake husema ninamnyima mtoto raha. Mimi huwaambia watazame mikono, wasitazame meno.

Baadhi ya watoto hawa pia hawastahimili joto, kwa hiyo kuanzia Desemba hadi Machi safari zetu za Kariakoo ni za asubuhi na mapema, tena kwa gauni jepesi la pamba.

Maji, kinyume chake, huwavutia mno. Beseni la maji barazani humtuliza binti yangu kuliko maneno yangu yote, lakini simwachi peke yake hata kwa muda wa kuitikia hodi, na kila ndoo na pipa la nyumbani lina mfuniko. Hupenda vilevile vitu vinavyochakarika. Mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku mwaka 2019, tulihamia kwenye karatasi za biskuti, nazo pia huchezewa nikiwapo kwa sababu kila kitu huishia mdomoni.

Mtoto akizubaa ghafla au akianza kurukaruka misuli, usiseme ni kelele tu zimemchosha, kwani huenda ni kifafa. Mrekodi kwa simu kama hali inaruhusu, kisha umwoneshe daktari. Mwalimu wake wa kitengo maalumu naye nimempa karatasi yenye dalili za mikono, mwili na kola, ili ajue wakati wa kumtoa darasani.