Jumuiya yetu inatoza faini kwa asiyekariri Wafilipi 2. Je, ni sawa?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Jumuiya yetu hukutana kila Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba. Tangu Pasaka tumeanza kukariri Wafilipi sura ya 2, mistari miwili kila wiki, na kila mtu anasimama kuitamka peke yake. Mzee wa jumuiya ameweka faini ya shilingi elfu moja kwa anayekosea. Mama mkwe wangu hajui kusoma. Amelipa mara tatu, na sasa kila Jumamosi anasema miguu inamuuma. Isitoshe, wazee wana Union Version, tafsiri ya zamani ya Biblia, na vijana wanasoma Habari Njema, tafsiri ya lugha nyepesi, kwenye simu, kwa hiyo tukisema pamoja ni vurugu tupu. Kijana mmoja ameuliza kwa nini tuhangaike wakati Biblia nzima iko mfukoni. Je, Biblia inatuagiza kukariri, na kama inatuagiza, ni kwa namna hii?

JIBU: Amina, dada yangu. Nianze na faini, kwa sababu ndiyo iliyomfukuza mtu.

Mnashika Wafilipi 2. Mstari wa 3 wa sura hiyo hiyo unasema, "Msitende neno lo lote kwa kushindana wala kwa majivuno, bali kwa unyenyekevu, kila mtu na amhesabu mwenziwe kuwa bora kuliko nafsi yake." Bila shaka mzee wenu aliutamka bila kukosa hata silabi, kisha akanyoosha mkono kupokea elfu moja ya bibi huyo. Simcheki. Nilipokuwa darasa la kipaimara niliweza kujibu swali la katekisimo, kitabu cha mafundisho ya imani, "Maana yake nini?" la kila amri bila kusita, na kama mwalimu angeniuliza maana ya hiyo maana, ningeangalia chini.

Mzee wenu anaweza kunijibu kwamba Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa, naye alikuwa mkali. Ni kweli. Katika utangulizi wa Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 anasema asiyetaka kujifunza asikaribishwe kwenye Chakula cha Bwana, na anawaambia hata wazazi na wenye nyumba wamnyime chakula na kinywaji. Lakini msome vizuri: anazungumza juu ya asiyetaka. Mama mkwe wako alikuja Jumamosi tatu akijua kwamba atalipa. Huyo anataka kuliko wengi wetu. Faini iondolewe, hata kama inakwenda kununua sukari ya chai.

Sasa agizo. Hutapata mahali palipoandikwa "kariri sura nzima". Kumbukumbu la Torati 6:6 inasema maneno haya "yatakuwa katika moyo wako", na mstari unaofuata unataja wapi na lini: uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo, uondokapo. Nyumba ya Mwisraeli wa kawaida haikuwa na gombo. Neno lilikaa mdomoni, la sivyo halikukaa humo nyumbani kabisa. Ndiyo maana Yoshua anaambiwa kitabu cha torati kisiondoke kinywani mwake (Yoshua 1:8), wakati sisi tungetarajia aambiwe kisiondoke mkononi. Kitenzi cha Kiebrania kinachotafsiriwa "tafakari" hapo, na pia katika Zaburi 1:2, ni hagah, nacho ni kitenzi cha sauti. Ndicho kinachotumika kwa simba anayenguruma juu ya windo lake (Isaya 31:4) na kwa njiwa anayelia (Isaya 38:14). Anayetafakari kwa namna hiyo hakai kimya amefumba macho. Ananong'ona, anarudia chini chini, kama mama anayechambua mchele huku akiimba peke yake. Shule zetu zimeliharibu neno "kukariri" hadi likawa karibu tusi, maana yake kumeza bila kutafuna. Huku tunatafuna.

Ila lililo muhimu zaidi katika barua yako ni hilo la kila mtu kusimama peke yake. Paulo anaandika katika Wakolosai 3:16, "Neno la Kristo na likae kwa wingi ndani yenu katika hekima yote, mkifundishana na kuonyana kwa zaburi, na nyimbo, na tenzi za rohoni." Kiswahili hapa hakituachii mwanya, kwani "yako" na "yenu" hazichanganyiki. Ndani yenu. Neno linapewa jumuiya ili likae humo, na katika jumuiya kuna anayekumbuka mwanzo, anayekumbuka kati, na asiyekumbuka chochote mpaka asikie wengine wameanza.

Nililiona hili kwa macho yangu. Tulikuwa tunazika, mvua ikatukuta kabla hatujafika kaburini, kitabu changu cha ibada kikalowa hadi kurasa zikagandana. Nikaanza Zaburi 90 kwa kichwa. Nilipofika "Siku za miaka yetu ni miaka sabini" nikakwama, kichwa kikawa kitupu. Kabla sijajua la kufanya, sauti ya mzee mmoja nyuma yangu ikaendelea, "Na ikiwa tuna nguvu miaka themanini," wengine wakaichukua, nami nikadandia nao mistari miwili mbele. Kwa utaratibu wa jumuiya yenu, siku ile mchungaji angelipa elfu moja.

Na hiyo Wafilipi 2 yenyewe mmechagua vizuri kuliko mnavyojua. Wataalamu wengi wa Agano Jipya wanaona kwamba mstari wa 6 hadi wa 11 ulikuwa wimbo au ungamo ambalo makanisa yalikwisha kulisema kwa pamoja kabla Paulo hajaliweka katika barua yake. Kama ndivyo, mnachojifunza kilianzia kwenye vinywa vya mkutano.

Kwa hiyo mama mkwe wako si mzigo kwenu. Mwulize anajua tenzi ngapi. Hakuna aliyemsomesha hata moja. Alizipata kwa kusikia na kuitikia. Mpumzisheni kwanza na Wafilipi, mchukue Zaburi 136. Ina mistari 26, na kila mmoja unaishia na "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Msomaji ataje, yeye aongoze kiitikio. Baadaye mrudi kwenye Wafilipi kwa namna hiyo hiyo, mmoja akitaja nusu na wengine wakimalizia. Kanisa la Afrika lina historia katika hili: Didimo wa Aleksandria, huko Misri, alipofuka akiwa mtoto mdogo, kabla ya kujifunza kusoma, akayashika Maandiko kwa masikio, na katika karne ya nne akawa mwalimu wa chuo cha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, cha mji ule.

Kuhusu tafsiri, ugomvi wenu ni wa zamani sana. Askofu Augustino wa Afrika Kaskazini alimwandikia Jerome, aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini, kuhusu mji wa Oea, ambao leo ni Tripoli ya Libya. Askofu wa huko alisoma kitabu cha Yona katika tafsiri mpya ya Jerome. Ule mmea uliomfunika Yona kivuli, ambao Union Version yetu inauita mtango, ulikuwa umebadilishwa ukawa mmea mwingine utambaao. Zogo likazuka kanisani, kwa sababu watu walikuwa wameushika ule wa zamani vizazi na vizazi, na askofu alikaribia kubaki bila washarika. Neno moja tu! Luther naye, katika utangulizi ule ule, anawashauri wachungaji wachague maneno ya namna moja na kubaki nayo mwaka hadi mwaka, kwa sababu vijana na watu wa kawaida huchanganyikiwa leo yakisemwa hivi na kesho vile.

Ningekuwa mimi, ningeshika Union Version kwa kusema pamoja. Ina mapigo ya kinywa, na wazee wanayo tayari. Habari Njema mtaihitaji kwa kueleza, tena sana. Tazameni mstari wa 7 wa Wafilipi 2: Union inasema Kristo "alijifanya kuwa hana utukufu". Kijana wa leo akisikia "alijifanya" anaelewa aliigiza. Kigiriki kinasema alijiondolea, alijifanya mtupu, na Habari Njema inaposema "aliachilia" inamwokoa kijana huyo na uzushi bila yeye kujua.

Huyo mwenye Biblia mfukoni mwambie simu ni nzuri, hata mimi ninayo. Tatizo ni kwamba ukitafuta kwa simu unapata mstari mmoja umekatwa peke yake, na Ibilisi naye alikuja nyikani na mistari ya namna hiyo. Alinukuu Zaburi 91 akaruka maneno "katika njia zako zote" (linganisheni Mathayo 4:6 na Zaburi 91:11). Aliyeishika zaburi nzima anasikia pengo. Yesu alijibu mara tatu kwa "imeandikwa", na kitabu hakukifunua.

Jumamosi hii msimsubiri mama mkwe. Kama miguu inamuuma, jumuiya ihamie kwake. Mfikishie salamu zangu, na umwambie nimeomba kiitikio akianzishe yeye.