Poti 80 inagoma, niiwashe programu kwa root?

SWALI: Shikamoo dada. Natunza kompyuta ya duka la vipuri la mjomba, Kariakoo. Programu ya stoo niliyoiandika inakwenda vizuri kwenye poti 8080, ila nikiihamishia poti 80 Linux inagoma, inasema sina ruhusa. Rafiki yangu anasema niiwashe kwa akaunti ya root, yaishe. Nifanye hivyo? – Msomaji, Sinza

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usifanye hivyo, nakusihi.

Linux haikuonei. Poti ni namba za milango ambayo programu hupokelea mawasiliano ya mtandao. Zinafika 65535, na zile za chini ya 1024 hazifunguliwi bila idhini ya root, akaunti yenye mamlaka yote kwenye mashine. Utaratibu huu ulitoka kwenye Unix ya BSD, enzi ambazo kompyuta moja ya chuo ilitumiwa na watu wengi. Bila zuio, mwanafunzi yeyote angesubiri huduma ya Telnet, ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, izimike, akakaa yeye poti 23 na kuvuna nywila za wenzake. Huduma ya rlogin, nayo ya kuingia kwa mbali, ilikwenda mbali zaidi: aliyebisha hodi akitokea poti ndogo aliaminiwa. Imani hiyo leo haifai kitu, maana kila mwenye laptopu yake ndiye root wake.

Sasa fikiria kile kisanduku cha kutafutia vipuri. Tuseme kina kosa, mtu akapenyeza amri zake humo. Programu ikiwa chini ya akaunti ya kawaida, anaanzia na mafaili ya akaunti hiyo. Ikiwa chini ya root, mashine nzima ni yake: daftari la madeni la mjomba, bakapu, hata kumbukumbu ambazo zingetuonyesha alipopita.

Iache programu 8080, ipokee kutoka 127.0.0.1 tu, yaani mashine hiyo hiyo, kisha weka nginx, seva ya wavuti, mbele yake ishike 80 na 443, poti za wavuti. Nginx ikiwashwa na root hufungua poti, halafu kazi ya kuhudumia wateja inafanywa chini ya akaunti ya kawaida. Wapo watakaokuambia utumie setcap, amri ya kuipa programu ruhusa ya kufungua poti ndogo bila kuwa root. Hawajakosea, lakini kama umeandika kwa Python, ruhusa inabandikwa kwenye Python yenyewe, na kila skripti mashineni inaipata. Mimi siipendi njia hiyo.

Halafu andika sudo ss -tlnp uone poti zilizo wazi. Telnet ikiwepo, izime. Inapitisha nywila bila kuzificha. Ukikuta 3306 ya MySQL, hifadhidata, iko kwenye 0.0.0.0, yaani inapokea kutoka mtandao wowote, namba yake kubwa isikupumbaze: funga hiyo leo, poti 80 itasubiri.